Sura ya Tano: Njaa, Mlinzi wa Sukari

Ushauri unaotolewa mara nyingi kuliko dawa yoyote katika kliniki za kisukari ni maneno mawili: punguza kula. Hutolewa asubuhi, foleni ikiwa imefika nje ya mlango, na muuguzi ambaye bado ana rundo la mafaili mezani.

"Mzee wangu, sukari yako leo 14. Jana usiku ulikula nini?"

"Ugali kidogo tu, mwanangu. Na maharage."

"Kidogo kiasi gani?"

Hapo mzee hutazama dirishani. Mkewe aliyemsindikiza hucheka chinichini, na chumba kizima kinaelewa kwamba kidogo hicho kilikuwa sahani iliyojaa na nyongeza juu yake. Muuguzi huandika, hurudia maneno yake mawili, huita jina linalofuata.

Sina ugomvi na ushauri wenyewe. Kwa mgonjwa mnene wa kisukari cha aina ya 2, kupungua uzito hufanya kazi ambayo vidonge vingi haviiwezi, na tutaona kwa nini. Ninachokataa ni namna unavyotolewa, kana kwamba njaa ni tabia mbaya ambayo mtu mzima mwenye haya angeiacha. Mzee yule akifika nyumbani jioni anapambana na kemikali zinazotoka tumboni mwake na kwenye mafuta yake, kemikali zilizokuwapo kabla binadamu hajajua kulima. Na kemikali hizohizo zina mkono katika kuamua insulini yake itasikika kiasi gani. Kumfanya mtu atamani pilau ni sehemu ndogo ya kazi yao. Sehemu kubwa ni kuhakikisha sukari ya damu haianguki chakula kinapokosekana.

Tuanze na insulini. Kongosho huitoa chakula kinapoingia, nayo huziagiza seli za misuli na za mafuta zichukue glukosi kutoka kwenye damu, na kuliagiza ini liache kutengeneza glukosi yake. Tangu ilipopatikana Toronto mwaka 1921, madaktari wengi waliamini kwamba kila mwenye kisukari amepungukiwa nayo. Mwaka 1936 daktari Mwingereza Harold Himsworth alichapisha katika jarida la Lancet jaribio lililoivuruga imani hiyo. Aliwapa wagonjwa wake glukosi ya kunywa na sindano ya insulini kwa wakati mmoja, kisha akapima damu. Kwa baadhi yao, wengi wao vijana na wembamba, sindano iliizuia sukari isipande. Kwa wengine sukari ilipanda kana kwamba hawakuchomwa chochote. Zaidi ya miaka 20 baadaye Rosalyn Yalow na Solomon Berson, wakifanya kazi New York, walipata njia ya kupima insulini yenyewe kwenye damu, wakakuta kwamba wagonjwa wengi wa kundi hili la pili hawana upungufu wowote; wengine wanayo kupita kiasi. Kongosho lao lilikuwa kama mzazi anayezidi kupaza sauti kwa mtoto asiyesikia. Hupaza hivyo kwa miaka, kipimo kikionyesha sukari ya kawaida, mpaka linachoka. Siku kipimo kinapoanza kusoma juu, ugonjwa umeshakaa ndani muda mrefu.

Kwa nini mwili upewe uwezo wa kuipuuza insulini? Kwa anayekula mara 3 kwa siku swali hili halina jibu la maana. Mfikirie badala yake mtu ambaye hajatia kitu mdomoni siku kadhaa. Ubongo wa mtu mzima hutumia karibu gramu 120 za glukosi kwa siku, na hauwezi kuchoma mafuta moja kwa moja kama misuli inavyofanya. Akiba ya sukari iliyomo kwenye ini huisha baada ya siku moja au zaidi kidogo. Kuanzia hapo ini linatengeneza glukosi kwa kubomoa protini za misuli, na kila gramu ina gharama. Misuli ikiendelea kuitii insulini na kujichotea sukari, ubongo utakosa. Kwa hiyo misuli hugoma: huchoma mafuta, na sukari inaachwa ipite kwenda juu. Mwishoni mwa karne ya 19 Franz Hofmeister, akiwa Prague, aliwashindisha mbwa njaa kisha akawapa wanga, akaona sukari kwenye mkojo wao. Mbwa hao hawakuwa na kisukari. Walikuwa na njaa, na njaa ilikuwa imeiziba masikio miili yao isiisikie insulini.

Usugu wa insulini, basi, ulikuwa kinga kabla ya kuwa ugonjwa. Kinachobaki ni kumtafuta anayetoa amri.

*

Katika mji mdogo wa Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, kuna taasisi iitwayo Jackson Laboratory inayofuga panya kwa ajili ya utafiti. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wafanyakazi wake waliona kwenye vizimba panya wanene ajabu, wasioacha kula. Ukoo huo ukapewa herufi ob. Katikati ya miaka ya 1960 ukatokea ukoo mwingine, wanene vilevile lakini wenye kisukari kikali. Huu ukaitwa db.

Mkemia wa hapo, Douglas Coleman, mzaliwa wa Ontario, Kanada, alitaka kujua kama kuna kitu kwenye damu kinachosababisha hali hiyo. Jaribio alilolifanya halipendezi kulisimulia. Alimchukua panya mwenye kisukari na panya mzima, akawapasua ngozi ubavuni, akawashona pamoja ubavu kwa ubavu ili damu ivuje taratibu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwenzake. Huenda alitarajia panya mzima ataugua kisukari. Ikawa kinyume: panya mzima aliacha kula, sukari yake ikaporomoka, akafa kwa njaa huku chakula kiko mbele yake. Coleman alipompasua hakukuta chembe ya chakula tumboni wala kwenye utumbo. Mwenzake mwenye kisukari, aliyeshonwa naye, aliendelea kula na kunenepa kama kawaida.

Kisha akawaunganisha ob na db. Panya wa ob, mnene asiyejua kushiba, naye akaacha kula, sukari yake ikashuka, akafa. Kutokana na vifo hivyo Coleman alisoma jambo ambalo wenzake wengi hawakulikubali wakati ule, kwa sababu unene ulihesabiwa kuwa ulafi tu. Kuna ujumbe kwenye damu, alisema. Panya wa ob hawezi kuutengeneza lakini anaweza kuusikia. Panya wa db anautengeneza kwa wingi mno, ila ni kiziwi. Na anayeshonwa naye hufurikwa na ujumbe huo.

Ujumbe wenyewe ulipatikana Desemba 1994. Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliipata jeni iliyoharibika kwa panya wa ob, na homoni inayotokana nayo ikaitwa leptini. Inatengenezwa na seli za mafuta zenyewe. Mwaka uliofuata kikapatikana kipokezi chake, na kweli panya wa db walikuwa wamekipoteza. Kampuni ya Amgen ililipa dola milioni 20 kupata haki ya kuitengeneza homoni hiyo, ikiamini imenunua dawa ya unene wa dunia nzima.

Haikuwa hivyo. Watoto wachache waliozaliwa bila leptini kabisa walipona mbele ya macho ya madaktari. Wa kwanza kutibiwa alikuwa msichana wa miaka 9 mwenye kilo 94. Lakini wanene wa kawaida walipochomwa leptini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalikuwa hafifu. Hawakuwa na upungufu. Damu yao ilikuwa imejaa leptini tele, sawa na panya wa db, na ubongo haukuwa ukiusikia ujumbe. Tazama yanavyofanana na yale ya insulini: homoni ipo, sauti ipo, msikilizaji hayupo.

Kilichowapa watafiti fununu ya kazi halisi ya leptini ni kushuka kwake kuliko kupanda kwake. Mwaka 1996 kundi la Jeffrey Flier huko Boston lilionyesha kwamba panya akinyimwa chakula leptini huanguka haraka, kuliko hata mafuta yanavyopungua, na anguko hilo ndilo linaloiamsha hali ya dharura mwilini: uzazi unasimamishwa, tezi ya shingo inapunguza mwendo, homoni za msongo zinapanda. Panya akipewa leptini kwa sindano huku bado ana njaa, sehemu kubwa ya dharura hiyo haitokei. Leptini nyingi haimaanishi sana kwa ubongo. Leptini kidogo ni king'ora.

*

Wapo watu wanaoishi king'ora hicho kikilia maisha yao yote. Ugonjwa wao, lipodistrofia, ni wa nadra: mwili hauna mafuta chini ya ngozi, ama tangu kuzaliwa ama kwa kuyapoteza baadaye. Mikono yao ina mishipa inayoonekana wazi na misuli kama ya mcheza ngumi, mashavu yamebonyea. Mtu asiyejua angesema hawa wako mbali kabisa na kisukari cha wanene. Kumbe wana kisukari cha kutisha, wengine wakihitaji mamia ya yuniti za insulini kwa siku. Damu yao ikiwekwa kwenye kichupa hufanya weupe wa maziwa kwa wingi wa mafuta, na ini limevimba. Na wana njaa isiyokwisha.

Mwaka 2002 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, Bethesda, na wenzao, walichapisha matokeo ya kuwapa leptini wanawake na wasichana 9 wenye hali hii, sindano mara 2 kwa siku kwa miezi 4. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 3 hivi, kilishuka kwa wastani wa asilimia 1.9. Mafuta ya damu yalipungua kwa asilimia 60, ini likasinyaa, na wengi wao waliweza kupunguza au kuacha kabisa dawa za kisukari. Walisema pia kwamba kwa mara ya kwanza walikuwa wanashiba. Msomaji mwerevu atauliza: je, sukari haikushuka kwa sababu tu walikula kidogo? Swali hilo lilijibiwa mwaka 2018, wagonjwa wa aina hiyo walipowekwa hospitalini na kulishwa kiasi kilekile cha chakula, wakiwa na leptini na wakiwa bila leptini. Hata chakula kisipobadilika, leptini iliufanya mwili uisikie insulini vizuri zaidi.

Nimekaa sana kwa wagonjwa hawa wachache kwa sababu wanaonyesha kitu ambacho mamilioni ya wanene hawawezi kukionyesha. Mtu asiye na mafuta na mtu mwenye mafuta mengi wanaishia kwenye kisukari kilekile. Wa kwanza hana ghala, kwa hiyo mafuta anayokula humwagika kwenye ini na misuli. Wa pili ghala limejaa, nayo yakamwagika kulekule. Mafuta yakishaingia ndani ya seli za ini, huikata njia ya ndani ambayo amri ya insulini hupitia. Na kwa wote wawili ubongo haupati habari kwamba chakula kipo. Mmoja hana homoni, mwingine haisikii. Ubongo hufanya kile unachokijua: hutafuta chakula na huzuia sukari isichotwe.

*

Upande wa pili wa habari hii uko tumboni. Mwaka 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa, wakifanya kazi Osaka, Japani, walikuwa wanatafuta homoni inayoichochea tezi ya pituitari itoe homoni ya ukuaji. Kipokezi chake kilikuwa kinajulikana; ufunguo wake haukujulikana. Kila mtu alidhani upo kwenye ubongo. Wao waliukuta kwenye tumbo la panya, ukitengenezwa na seli za ukuta wa juu wa tumbo. Waliuita grelini. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino 28, na haufanyi kazi mpaka ubandikwe kipande kidogo cha mafuta.

Muda si mrefu ikajulikana kwamba grelini huleta njaa. Watu waliotiliwa homoni hiyo kwenye mshipa huko London walikula asilimia 28 zaidi mezani. Huko Seattle, mwaka 2001, David Cummings alipima damu ya watu siku nzima akaona grelini ikipanda karibu maradufu kabla ya kila mlo na kushuka ndani ya saa moja baada ya kula. Waliofunga Ramadhani wanalijua jambo hili bila maabara. Siku za mwanzo, saa 7 mchana, saa ya chakula cha mchana, njaa huuma hasa. Ukipita saa 9 inalegea, ingawa hujala kitu. Watafiti waliowafungisha watu kula kwa saa 33 waliona vivyo hivyo kwenye damu: grelini ilipanda saa za mlo wa kawaida kisha ikashuka yenyewe, chakula hakuna. Inakuja kama mawimbi ya bahari yanavyokuja, na kurudi.

Lakini mbona homoni ya njaa iwe imefungamana na homoni ya ukuaji? Hapa ndipo watu wengi wanaoandika kuhusu grelini hupita mbio, na ndipo penye kiini. Homoni ya ukuaji ni mpinzani wa insulini. Bernardo Houssay wa Ajentina alionyesha katika miaka ya 1920 na 1930 kwamba mbwa mwenye kisukari akiondolewa pituitari kisukari chake hupungua makali, na kwa kazi hiyo akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Wagonjwa wenye uvimbe unaotoa homoni ya ukuaji kupita kiasi, wale wanaokua mikono na taya ukubwani, mara nyingi hupata kisukari. Unganisha mambo hayo: tumbo tupu hutoa grelini, grelini huiamsha pituitari, homoni ya ukuaji huyeyusha mafuta na kuipunguzia misuli usikivu wa insulini. Juu ya hayo grelini hulizuia kongosho lisitoe insulini nyingi. Watu wazima wenye afya wakitiliwa grelini kwa saa chache, insulini yao hupungua na usikivu wa misuli hupungua, bila wao kula chochote.

Jaribio lililonishawishi kuliko yote lilifanyika Dallas, Texas, katika maabara ya Michael Brown na Joseph Goldstein, wale wale waliopata Nobel mwaka 1985 kwa kazi ya kolesteroli. Mwaka 2010 walichapisha habari za panya waliozaliwa bila kimeng'enya kinachoibandikia grelini kile kipande chake cha mafuta. Panya hawa walionekana wazima kabisa. Walikula kawaida, walikua kawaida. Kisha wakapunguziwa chakula kwa asilimia 60, siku baada ya siku. Panya wa kawaida walikonda hadi mafuta yakaisha, lakini sukari yao ilisimama kwenye kiwango cha kuweza kuishi. Wale wasio na grelini hai walikonda vivyo hivyo, na kufikia siku ya 7 sukari yao ilianguka hadi wakawa mahututi. Walipotiliwa grelini, au homoni ya ukuaji, sukari haikuanguka. Chakula kikiwapo grelini haikuwa na kazi kubwa. Kilipokosekana ndiyo iliyowashikilia wasife.

Kisha kuna jaribio la Houston la mwaka 2006, ambalo linawakutanisha panya wa Coleman na homoni ya Osaka. Roy Smith na wenzake waliwachukua panya wa ob, wasio na leptini, wakawaondolea na grelini pia. Ungetegemea waache kula. Hawakuacha. Walibaki wanene vilevile, wakila vilevile, lakini kisukari chao kilipungua: kongosho lilitoa insulini zaidi, na mwili uliisikia vizuri zaidi. Njaa ilibaki, mlinzi wa sukari akaondoka.

Kuna upotofu unaouzwa sana mitandaoni, pamoja na vidonge na majani ya kuchemsha, kwamba wenye kisukari wana grelini nyingi na dawa ni kuishusha. Vipimo vinasema kinyume. Wanene wengi wana grelini ndogo kuliko wembamba, na mwaka 2004 watafiti wa Stanford walionyesha kwamba katika wanene wa uzito sawa, wale wenye usugu wa insulini ndio wenye grelini ya chini zaidi. Insulini nyingi huikandamiza. Kinachoharibika kwa mnene ni kule kushuka kwake baada ya mlo: kwa mwembamba grelini huporomoka akishakula, kwa mnene hushuka kidogo au haishuki. Sahani imekwisha, ujumbe wa njaa haujaondoka. Mzee wa ugali na maharage hakuwa akidanganya sana.

*

Homoni hizi zinaguswa na mambo ya kawaida kabisa, na la kwanza ni usingizi. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, Karine Spiegel na Eve Van Cauter waliwalaza vijana 12 wenye afya saa 4 tu kwa usiku, usiku 2 mfululizo. Leptini ilishuka kwa asilimia 18, grelini ikapanda kwa asilimia 28, na hamu ya kula, hasa vya wanga na vitamu, ikaongezeka. Kundi hilohilo lilikuwa limeonyesha mwaka 1999 kwamba usiku 6 za namna hiyo hupunguza uwezo wa mwili kuishughulikia sukari. Fikiria mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu, dereva wa basi la masafa. Mwili wao unahesabu ukosefu wa usingizi kama dharura, na dharura kwa mwili maana yake ni njaa. Sijawahi kusikia mgonjwa wa kisukari akiulizwa kliniki analala saa ngapi.

La pili ni dawa zenyewe. Mgonjwa anayetumia glibenklamidi au insulini huweza kuamka saa 8 usiku, jasho limelowesha shuka, mikono inatetemeka, njaa imemshika kama hajala wiki. Anaingia jikoni, anakula kiporo cha wali na soda juu yake. Asubuhi sukari iko 16 na anaitwa mlafi. Sukari yake ilianguka usiku, na mwili ukafanya ulichoumbiwa kufanya: uliita njaa na kuamuru ini limwage sukari. Hapo kinachohitaji kupunguzwa mara nyingi ni dozi, na daktari hawezi kujua kama hajaambiwa habari za kiporo.

La tatu, na gumu kuliko yote, ni kupungua uzito kwenyewe. Mwaka 2011 Roy Taylor wa Newcastle, Uingereza, aliwaweka wagonjwa 11 wa kisukari cha aina ya 2 kwenye chakula cha kalori 600 kwa siku. Ndani ya siku 7 mafuta ya ini yalikuwa yamepungua na ini likaanza tena kuitii insulini. Jaribio kubwa lililofuata katika zahanati za Uskochi na Tyneside lilionyesha kwamba karibu nusu, asilimia 46, walikuwa wameondokana na kisukari baada ya mwaka mmoja, na katika waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86. Kwa ushahidi huo, anayesema kisukari cha aina ya 2 hakiwezi kurudi nyuma amepitwa na wakati.

Ila mwaka huohuo wa 2011 kundi la Melbourne, Australia, lilichapisha upande mchungu. Wanene 50 walipunguzwa uzito kwa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye grelini yao bado ilikuwa juu, leptini bado chini, na njaa bado kali kuliko siku walipoanza. Mwili uliokonda unaishi kama mwili uliokumbwa na ukame, na unaendelea kudai kilo zake. Anayezirudisha kilo hizo ameshindana mwaka mzima na kitu kisicholala.

Katika shindano hilo dawa mpya za jamii ya GLP-1 zimefanikiwa mahali ambapo leptini ilishindwa. GLP-1 ni homoni ya utumbo: hulifanya kongosho litoe insulini pale tu sukari inapokuwa juu, huchelewesha tumbo kumwaga chakula, na huuambia ubongo kwamba yatosha. Ya asili hudumu dakika chache tu. Mwaka 1992 John Eng, daktari wa New York, alikuta kwenye mate ya mjusi wa Gila, wa majangwa ya Marekani na Meksiko, kemikali inayofanana nayo lakini inayodumu, na dawa iliyotokana nayo iliidhinishwa mwaka 2005. Semaglutidi, inayochomwa mara moja kwa wiki, ilifuata mwaka 2017. Homoni moja inashika njaa na sukari kwa pamoja, na hilo halipaswi kumshangaza aliyefika hapa. Bei yake bado iko mbali na mfuko wa mgonjwa wa kawaida wa Afrika Mashariki, na anayeiacha mara nyingi hurudiwa na njaa, kisha na kilo.

Yote haya yanamhusu mgonjwa mnene. Kwetu wako wengine. Madaktari wa Uganda wameeleza wagonjwa wengi wa kisukari cha ukubwani ambao si wanene, wenye kiuno chembamba, na ambao tatizo lao kubwa ni kongosho linalotoa insulini kidogo kuliko misuli isiyoisikia. Aprili 2025, kwenye mkutano wake wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kuwapa jina, aina ya 5, wale ambao chanzo cha hali yao ni lishe duni ya utotoni. Mgonjwa wa namna hii akisema ana njaa, ana njaa kweli: chakula chake kinatoka na mkojo. Kumnyima sahani ni kumwongezea ugonjwa, na kumjazia insulini dozi ya mnene kunaweza kumwangusha. Kipimo cha C-peptidi kinachoonyesha kongosho linatoa insulini kiasi gani hakipatikani katika zahanati ya kawaida. Anayemhudumia anabakiwa na mizani, futi ya kupimia kiuno, na maswali: alipokuwa mtoto aliwahi kulazwa kwa utapiamlo, uzito wake mkubwa kabisa maishani ulikuwa kilo ngapi, na ulianza kushuka lini.